Hukumu ya Video ya Mlango

Machi 7

Naanza kuandika kwa sababu kuanzia leo sina ruhusa ya kuongea. Sijafungwa wala siumwi koo. Ni sheria yetu wenyewe, tuliikubali watatu tukiwa na akili timamu: video ikiletwa kuamuliwa, waamuzi hawasemeshani mpaka siku ya kufungua hukumu. Hakuna salamu, hakuna utani, hakuna "umeshindaje". Ukimsemesha mwenzako utamwambukiza mawazo yako, naye atasikia ulichosikia wewe badala ya kusikia kilichopo.

Sheria nzuri. Ina kasoro moja tu, kwamba hao wawili ndio watu ninaoongea nao.

Nieleze vizuri, maana daftari hili halijui kitu. Kuna gemu inaitwa Ngome ya Chumvi. Unamwongoza mwanamke mmoja, Mchukuzi, ana mzigo mgongoni, anapita kwenye mji wa chumvi uliojaa milango. Unabisha hodi kila mlango na hakuna unaofunguka. Sehemu ya kwanza hivyo, sehemu ya pili hivyohivyo. Watu walilalamika, halafu wakaipenda kupita kiasi, na mimi nikiwa mstari wa mbele. Sehemu ya tatu tumeisubiri miaka na kampuni iko kimya. Basi kila baada ya muda inatokea video eti imevuja kutoka huko, na nyingi ni kazi ya mikono ya mashabiki waliochoka kungoja.

Ndiyo maana jukwaa letu la mtandaoni lina waamuzi. Taa anaangalia mwanga. Hatua anaangalia mwendo. Kazi yake ya kila siku ni kutengeneza miguu bandia, kwa hiyo hakuna anayetembea mbele yake akamdanganya. Mimi wananiita Sikio. Nasikiliza. Hatujawahi kuonana, hata sauti zetu hatuzijui, tunaandikiana tu. Na kwa Hatua naandika mengi.

Video mpya imeingia asubuhi. Haifiki dakika moja. Imepigwa kwa simu kutoka kwenye skrini, imelala upande kama picha iliyotundikwa na mlevi. Mchukuzi anatembea kwenye mvua, anafika mlangoni, anabisha.

Mlango unafunguka.

Niliinuka kitini bila kujua nimeinuka.

Machi 8

Mvua. Paa langu ni la bati. Sikusikia hata mawazo yangu.

Machi 10

Kazini. Kazi yangu nayo ni kusikiliza, sijui ni bahati au nimelaaniwa. Watu wanapiga simu huduma kwa wateja kulalamika kwamba maji yamekatika, simu zinarekodiwa, mimi nazipa alama. Mhudumu alisalimia? Aliomba radhi? Alimaliza ndani ya muda? Kutwa nzima nasikia watu wakiongea na hakuna hata mmoja anayeongea na mimi.

Dada wa dirishani, anayekaa meza ya pili kutoka yangu, aliniuliza, "Mbona umenuna?"

"Sijanuna. Nimenyamaza."

"Kwako wewe nani atajua tofauti?" Akacheka mwenyewe.

Jukwaani mambo yamepamba moto. Watu wazima wanasema wamelia. Kuna aliyeandika kwamba ameshauangalia mlango ukifunguka mpaka mtoto wake anamwigiza. "Sikio, tunakungoja wewe." "Sikio, tafadhali usituue."

Ukiwa umeingia jukwaani, jina lako linakuwa na nukta ya kijani. Wakati wa chakula cha mchana nukta ya Hatua ilikuwa inawaka. Yangu pia. Tukakaa hivyo, kila mtu na nukta yake, kama wapangaji waliokosana wanaosikiana ukutani.

Machi 13

Mama alipiga. Ni kila Jumapili, akishalisha kuku.

"Umekula?"

"Nimekula, Mama."

"Na hao watu wako wa kwenye kompyuta hawajambo?"

"Hatuongei sasa hivi."

"Mmegombana?"

"Hapana, tunaamua video."

Akavuta pumzi. "Mwanangu, watu na akili zao wanaacha kujuliana hali kwa sababu ya gemu?"

Nikamwambia ni sheria. Akasema sheria ya namna hiyo itakuwa imetungwa na mtu asiye na mtoto. Ni kweli sina, na ni kweli niliitunga mimi.

Machi 15

Mvua.

Machi 16

Mvua ilikatika mchana. Nikadanganya tumbo linaniuma, nikakimbia nyumbani kusikiliza kabla haijarudi.

Mashabiki hukosea kwenye sauti kwa namna moja: wanaweka sauti nzuri mno. Kila hatua safi, kila tone linajitambulisha. Kampuni wana watu wanaojua kwamba dunia ina uchafu. Hii ya sasa ni ngumu kuishika kwa sababu kuna mjinga aliyeipitisha kwa watu baada ya kuibandikia wimbo juu. Lakini chini ya wimbo nilisikia mlango. Kwi fupi, kimya kidogo, kwii ndefu, halafu komeo linagonga ubao mara mbili.

Mlango ule naujua. Ni mlango wa jikoni kwetu.

Sijawehuka. Miaka iliyopita nilirekodi sauti za nyumbani, mlango, kuku, maji kwenye ndoo, mvua juu ya bati, nikaziweka jukwaani bure, atakaye achukue. Karibu kila gemu ya shabiki ninayoijua ina mlango wetu ndani yake. Mama akisikia kwamba mlango wake umetumika kwenye gereza la majini atazimia.

Basi ni ya shabiki, yamekwisha? Hapana. Watu wa kampuni nao ni watu. Wanaokota cha bure wakashikiza mpaka watengeneze chao. Mlango peke yake hautoshi kumshtaki mtu.

Ningekuwa na ruhusa ningemwandikia Hatua: nadhani baba yangu alitia mafuta bawaba zisizo sahihi. Angecheka. Angalau angeandika kwamba amecheka.

Machi 19

Leo ndiyo ilikuwa tufungue hukumu. Jana imeletwa nakala nyingine, safi zaidi, haina wimbo. Sheria: nakala mpya ikija, hesabu inaanza upya, na siku zinazidishwa mara tatu. Mwezi mzima na zaidi. Hukumu Aprili 23.

Sheria hii nayo nani aliitunga? Mimi.

Machi 24

Nukta ya Hatua iliwaka, ikazima, ikawaka, ikazima. Kama mtu anayefika kwako, anafikiria, anageuza.

Machi 27

Mama anasema bati la jikoni linavuja, ameweka ndoo. Nikamwambia nitakuja. Akasema, "Ulisema hivyo mvua za mwaka jana." Akaniuliza kama nimekula.

Machi 30

Naandika haraka, mwandiko uvumiliwe.

Leo sikwenda kazini. Mvua ilinyesha tangu asubuhi bila adabu, nami nimechoka kuingoja. Nikaingia kabatini. Nikavaa hedifoni, nikajifungia katikati ya makoti na blanketi, simu mapajani. Mle ndani mvua ya nje husikika kwa mbali, ile ya kwenye video inabaki peke yake.

Nikasikiliza nakala mpya. Hatua za Mchukuzi kwenye maji. Anabisha. Kwi, kimya, kwii, komeo mara mbili. Na baada ya komeo, kwa mbali, kama kutoka chumba cha pili, sauti ya mwanamume.

"Ingia, mlango uko wazi."

Ni Baba.

Nilirudisha. Ni yeye. Ile "ingia" yake yenye kukwaruza mwanzoni, kama ametoka kuamka, hata kama alikuwa macho tangu alfajiri.

Siku niliporekodi mlango, nilibisha kama ninavyobisha siku zote, kwetu kwenyewe, ni mazoea tu. Naye akaitikia kutoka ndani, bila kujua kwamba narekodi. Ana miaka mitatu sasa tangu afariki. Nilipoweka sauti zile jukwaani nilimkata. Nilikata kwa uangalifu, pale pale baada ya komeo, kwa sababu mlango watu wachukue tu, lakini Baba si wa kugawa.

Sauti nzima, isiyokatwa, nilimpa mtu mmoja duniani. Mwaka jana Hatua aliniandikia: "Mlango wako unaishia ghafla, kama umekatwa kwa shoka. Kulikuwa na nini?" Hakuna mwingine aliyewahi kugundua. Nikamtumia. Na nikamwambia ambalo sijamwambia hata Mama, kwamba tangu Baba aondoke nikifika nyumbani bado nabisha, na hakuna anayeitika, kwa sababu Mama kila wakati yuko nyuma na kuku wake. Nasimama pale na begi langu kama mgeni. Hatua hakunipa pole. Aliandika tu, "Nimesikiliza. Asante kwa kunikaribisha." Siku ile nikasema, huyu ni rafiki.

Kumbe huyu rafiki amekwenda akamchukua baba yangu akamtia kwenye video ya uongo. Watu maelfu kwa maelfu wamemsikia. Kuna mmoja ameandika, "Huyo mzee anayeongea ndani ni nani? Ananitisha."

Nimelia mle kabatini mpaka koti la kijivu limelowa. Halafu nikatoka, na hasira zikanipanda.

Machi 31

Siwezi kumwandikia. Naandika hapa.

Wewe Hatua. Ulitaka nini? Sifa? Ulitaka uone kama Sikio atasikia? Ulijua nitasikia! Uliketi kwenye kiti cha mwamuzi kuiamua kazi yako mwenyewe, ukanyamaza, na nukta yako inawaka. Mwaka mzima nimekuambia nilichokula, nilichoota, nilivyomchukia msimamizi wangu. Nilikufungulia.

Basi. Nimeishiwa.

Aprili 2

Nimejikaza, nifikirie kama mtu mwenye kazi.

Nikiandika ninachokijua, kwamba sauti ile aliipata mtu mmoja tu, nimemtaja. Mwamuzi anayeghushi hufungiwa jukwaa maisha, jina lake linafutwa na kila alichoandika. Kila alichoniandikia kitakwenda naye. Nikisema video ni ya kweli, nabaki na Hatua. Lakini watu watasubiri mlango ambao hauji, na mimi nitakuwa nimemwacha Baba humo, anamkaribisha kila mpita njia. Na nikishadanganya kwa ajili yake, tutaongea nini tena mimi na yeye? Mvua?

Sitaki kumpoteza. Naliandika hili kwa sababu kuna siku nitajidai sikujali. Nina Mama wa Jumapili, nina dada wa dirishani anayecheka peke yake, na nina Hatua. Hiyo ndiyo hesabu yote ya watu wangu.

Aprili 5

Mvua.

Aprili 6

Mvua. Nukta yake inawaka. Nilitoka kwanza mimi.

Aprili 8

Kuna mzee anayepiga huduma kwa wateja karibu kila siku kuuliza kama maji yamerudi. Yalirudi zamani. Leo mhudumu alimwuliza, kwa upole kabisa, "Sasa mzee, nikusaidie nini hasa?"

Mzee akakohoa. "Nilitaka kujua tu kama bado mpo."

"Tupo, mzee wangu. Umeshindaje?"

Wakaongea. Goti lake, mjukuu wake, nguo zisizokauka. Nilimpa mhudumu alama zote. Mchana msimamizi akaniita.

"Simu hii imevuka muda."

"Najua."

"Na umempa alama zote. Muda si kigezo?"

"Ni kigezo. Lakini alikuwa anasikiliza. Si ndiyo kazi?"

Msimamizi aliniangalia kama nimeongea kwa mara ya kwanza tangu aniajiri. Huenda ni kweli. Aliziacha alama zilivyo. Nilifikiri ni mtu wa roho mbaya, kumbe ni mtu aliyechoka.

Aprili 12

Leo nimefanya nisichowahi kufanya. Nimeiangalia video bila sauti.

Nilitaka kuiona anavyoiona yeye, mtu wa miguu. Kwenye gemu Mchukuzi hutembea vilevile awe mzima awe hoi, ni mashine tu. Huyu wa kwenye video amechoka kweli. Anafika mlangoni, anahamishia mzigo bega la kushoto, anabisha, halafu anageuka nusu kuondoka, kwa sababu amezoea kutoitikiwa. Mlango unafunguka akiwa ameshageuka. Haingii. Anakaa kizingitini, anavua buti moja polepole, anapumzika, anavua la pili. Video inaishia hapo, miguu mitupu sakafuni.

Hakuna vita wala hazina. Hakuna jina la mtengenezaji lililofichwa pembeni kama wapenda sifa wanavyofanya. Mtu anayetaka kutingisha dunia hawezi kutumia nusu ya video kumvua mtu viatu.

Halafu nikarudisha sauti na kusikiliza upande wa simu iliyopigia, siyo upande wa gemu. Karibu kabisa na simu kuna mtu anapumua, na mwishoni anacheka kidogo, kicheko cha mwanamke. Kwa hiyo aliyepiga video siyo Hatua. Au Hatua ndiye anayecheka hivyo, sijui. Rafiki yangu wa pekee, na sijui anachekaje.

Hasira zimepungua. Kilichobaki kinauma zaidi kuliko hasira.

Aprili 15

Nukta yake haijawaka leo.

Aprili 17

Haijawaka. Mama anasema sauti yangu imepauka. Akaniuliza, "Kuna mtu amekufanya kitu?"

"Sijui kama amenifanya kitu au amenifanyia."

"Hayo mambo mawili huwa hayafanani."

"Ndiyo maana sijui, Mama."

Aprili 19

Haijawaka. Nimekuwa nikiogopa siku ya kumwambia kwaheri, sasa naogopa asije akawa ameshaondoka. Huenda anaumwa. Siwezi hata kuuliza.

Aprili 20

Taa amenishangaza. Taa huandika kama tangazo la kukatika umeme, maneno mafupi, makubwa, na kwa miaka yote nimemwona ni mtu asiye na moyo. Leo nimepata ujumbe wake. Ndani mna kitone kimoja tu, alama ya mwisho wa sentensi. Siyo neno, na sheria inakataza maneno.

Nikamrudishia kitone. Akaniletea viwili. Nimecheka peke yangu jikoni, sufuria ikinitazama.

Aprili 22

Nimeandika hukumu yangu, nimeifunga kwenye kisanduku chake cha jukwaani. Haibadiliki tena. Nimeandika hivi:

"Video si ya kampuni. Imetengenezwa na shabiki, na ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuamua. Mlango unaosikika ni wa kwetu. Sauti ya mwanamume ni ya marehemu baba yangu, na haikuwa imewekwa hadharani. Namjua aliyeitengeneza. Sitamtaja."

Watahesabu wenyewe na watamfikia, najua. Lakini sitakuwa mimi niliyenyoosha kidole. Nimepiga moyo konde. Mvua inanyesha ya rasharasha.

Aprili 23

Saa sita mchana visanduku vilifunguka.

Cha Taa kilikuwa cha kwanza: "NI YA KWELI. MWANGA ULE KWENYE SAKAFU YENYE MAJI HAUWEZI KUFANYWA NA MTU MMOJA NYUMBANI. NIKIKOSEA NIITENI GIZA."

Cha pili kilikuwa cha Hatua. Nakinakili chote, kwa sababu huenda kesho kisiwepo:

"Si ya kampuni. Niliitengeneza mimi, imenichukua mwaka. Ilikuwa ya mtu mmoja, nami nilikuwa sijapata ujasiri wa kumpelekea. Mke wangu aliipiga kwa simu ili amwonyeshe dada yake kitu kinachoninyima usingizi. Dada yake akawaonyesha wengine, na wengine ndio nyinyi. Ilipoletwa kuamuliwa ningeweza kujitoa siku ileile, lakini ningeulizwa sababu, na sababu haikuwa yangu peke yangu. Nikajificha nyuma ya sheria. Sikio, sauti ile sikuwa na haki ya kuigusa bila kukuuliza. Nilitaka tu ubishe mara moja na uitikiwe. Najiuzulu uamuzi, na nikifungiwa ni haki."

Cha tatu kilikuwa changu. Sikukisoma.

Matusi yalimiminika. Walioangua kilio mwezi uliopita ndio waliokuwa wa kwanza kumtukana, wakimwita mwizi, tapeli, muuaji wa matumaini. Halafu Taa, ambaye ndiye mwenye funguo za jukwaa, akaandika: "Naitwa Giza kuanzia leo. Hatua ameacha uamuzi, hafungiwi. Atakayemtukana tena nje. Mzee anayeongea mle ndani ni baba wa mtu. Mheshimuni." Kwa mara ya kwanza aliandika kwa herufi ndogo.

Nukta ya Hatua ilikuwa inawaka. Ruhusa ya kuongea imerudi. Niliandika "Hatua," nikafuta. Niliandika tena, nikafuta tena. Nikafunga kompyuta nikaenda kukaa kizingitini kwangu, hivyo tu, na viatu vyangu miguuni.

Aprili 24

Mama alipiga. Kabla hajaniuliza kama nimekula nikamwambia, "Mama, ninayo sauti ya Baba. Niliirekodi siku moja bila yeye kujua."

Nilisikia kuku.

"Anasema nini?"

"Maneno machache tu. Nikuwekee?"

"Usiniwekee kwenye simu. Ilete kwa miguu yako."

Aprili 30

Nimefika nyumbani jioni, jua likiwa bado lipo. Mvua zimelegea. Nikabisha kwenye mlango wa jikoni kwa mazoea. Ulikuwa wazi, na hakuna aliyeitika. Mama alikuwa nyuma na kuku wake. Amekonda kidogo. Mimi pia, alisema, na akanipakulia kama kwamba nalishwa kwa mkataba.

Baada ya kula alikausha mikono, akakaa wima kama anapigwa picha, nikamvisha hedifoni. Nikamwekea ile ya mwanzo, nzima. Kwi, kwii, komeo, na Baba.

Uso wake haukubadilika. Akaashiria nirudie. Nikarudia. Akaashiria tena. Halafu akazivua zile hedifoni na kumkaripia Baba kana kwamba ametoka chumba cha pili:

"Uko wazi! Anajisifu uko wazi! Miaka yote nimemwambia funga mlango, kuku wanaingia jikoni. 'Uko wazi'! Hebu msikilize!"

Akaanza kucheka, na kicheko kikamgeukia katikati. Nilimshika. Tulilia wote wawili mpaka ndoo chini ya bati ikaonekana haina kazi. Kisha nikamweleza habari yote, video, sheria, kabati, hukumu.

"Huyo Hatua ana mke?"

"Anaye. Ndiye aliyepiga video."

"Basi huyo mke ana mkono mwepesi." Akafikiri. "Mwambie amefanya vibaya kutokuuliza. Ukimaliza hapo, mwambie mama yako anamshukuru."

"Kwa mpangilio huo?"

"Kwa mpangilio huohuo. Usiruke mstari."

Mei 1

Asubuhi nilimwandikia Hatua, mistari miwili ya Mama, kwa mpangilio. Chini nikaongeza wangu: kwamba nimekuwa na hasira naye, kwamba zimekwisha, na kwamba mwezi huu nilichokosa zaidi si hukumu. Nikamwekea namba ya simu. Haijawahi kutokea. Kisha nikajuta, nikaenda kupanda juu ya stuli kuziba bati.

Mchana simu ikaita mezani, namba nisiyoijua. Mikono yangu ilikuwa na lami. Nikabonyeza kwa kiwiko, ikaingia kwenye spika.

Kulikuwa na mtu anapumua, anasafisha koo. Mimi nami nikasafisha koo. Watu wawili tulioandikiana miaka, na hakuna aliyejua aanzie wapi.

Halafu sauti ya mwanamume, nyembamba kuliko nilivyoifikiria, yenye woga:

"Hodi."

Mama alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele, sidhani hata alijua sauti inatoka kwenye simu. Hakuinua kichwa.

"Ingia," akasema, "mlango uko wazi."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. Akageuka akautazama mlango. Na ndipo nilipoona kwamba tangu nimefika sijauona umefungwa, si mchana, si jioni. Kuku mmoja alikuwa amesimama jikoni katikati, kama mwenye nyumba. Mama hakumfukuza.

"Nimeingia," alisema Hatua.